Kwidi

Barnsley, soko la ndani, meza ya vifungo na zipu.
Bibi yangu Winifred Oldroyd hasemi pauni.
Pauni ni ya benki, ya hakimu,
ya barua zenye kidirisha cha nailoni.
Yeye husema kwidi:
vifungo sita kwidi, zipu ndefu kwidi mbili,
na neno lenyewe halitikisiki, moja au elfu,
halijui wingi.

Limetoka wapi? nilimuuliza nikiwa na miaka tisa,
nikipanga vifungo vya pembe katika kopo la biskuti.
"Waulize wanaojua. Mimi nalitumia tu."

Basi nikawauliza.

Bwana Threlfall, aliyefundisha Kilatini
hadi shule ikakifuta,
alikuja na sweta lililokosa kifungo cha tatu.
"Ni Kilatini," akasema. "Maana yake nini."
Maana yake nini?
"Nini."
Ndiyo, nini?
"Ndiyo hiyo. Nini."
Tukazunguka hivyo mpaka chai ya bibi ikapoa.

Nuala Geraghty wa meza ya jibini akacheka:
Kilatini gani! Ni neno la kwetu Ireland,
walikuja nalo wachimba mifereji,
maana yake fungu, fungu la mtu,
kile ambacho hata mlevi haruhusiwi kukunyang'anya.
Muuza magazeti akaapa ni kijiji fulani kusini
chenye kinu cha karatasi za noti.
Na mzee mmoja, jina silikumbuki,
alitoa donge la tumbaku shavuni, akanionyesha:
hili nalo huitwa hivyo hivyo.
Unalitafuna siku nzima, humezi kitu.

Kamusi ya maktaba, nzito kama tofali,
haikuwasikiliza wote hawa.
Neno la zamani, ilisema. Asili: haijulikani.
Nililipenda zaidi hapo,
neno lisilo na cheti cha kuzaliwa
na bado kila duka linalipokea.

Babu Clifford alikufa Februari.
Wiki ya pili akasimama mezani petu mwanamume,
kofia mkononi, koti limelowa mabegani.
Desmond Sugden. Bibi aliendelea kuhesabu zipu.

Nilikuwa nimeisikia habari yake vipande vipande.
Mwaka wa mgomo, themanini na nne, migodi imenyamaza,
babu alimkopesha kwidi, siku ya Alhamisi, ya maziwa ya mtoto.
Jumatatu Desmond akapanda lile basi lenye wavu madirishani,
akarudi kazini,
na babu alikuwa kando ya barabara akimwona.
Kati yao nyumba nne tu.
Miaka thelathini na tisa, hata salamu.

Akatoa bahasha.
Ndani, noti ya kijani ya enzi zile,
imelainika kama kitambaa cha kufutia miwani.
Sarafu iliirithi kiti chake zamani,
leo hata muuza peremende angeikataa.
"Niliileta Ijumaa ile ile," akasema,
"siku ya mshahara. Hakufungua mlango."

Kuna msemo wa Kilatini, alinifundisha Threlfall,
wa watu wanaobadilishana kitu kwa kitu:
nini kwa nini.
Bibi aliinua macho, na sehemu ya pili ndiyo iliyomtoka.
"Kwa nini?"

Haikuwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Desmond akatazama vifungo. Akatazama sana.
Mtu akapita na toroli la viazi,
tukampisha sote watatu.

Kisha bibi akachambua vifungo sita, vyeusi, vya koti la kiume,
akavitia katika mfuko wa karatasi, akakunja mdomo wake mara mbili.
"Kwidi," akasema.
Akaichukua noti, akaiweka koponi pamoja na sarafu.

Sijui kama alimsamehe. Sijamuuliza,
najua atanituma kwa wanaojua.
Ila kila jioni tunapofunga, anamwaga kopo, anahesabu,
na kila jioni hesabu yake inazidi ya benki
kwa kwidi moja.